Paka Sita na Ungo Mmoja

Naanza kwa kusema mimi si mchawi. Najua mtu akianza hivyo habari yake imeshaharibika, lakini Ujiji nzima imesikia upande wa Bibi jirani, na upande wangu hajausikia mtu isipokuwa Mama Watoto, ambaye naye alishindwa kuusikiliza mpaka mwisho kwa kucheka.

Kazi yangu ni dagaa. Nachukua mwaloni Kibirizi, naanika, najaza magunia, nangoja mteja wa bara. Nyuma ya nyumba nina stoo, na stoo yenye dagaa wakavu kwa panya ni harusi isiyokuwa na siku ya mwisho. Nilitega mitego ikakamata kidole changu. Nilinunua sumu, Mama Watoto akauliza kwa upole kama nakusudia kuua panya au wateja. Ndipo wakaja paka shume.

Hakuna aliyewaita. Walikuja mmoja mmoja mpaka wakatimia sita, wote masikio yamechanika, wote wana sura ya mtu aliyetoka mahabusu. Hawashikiki. Ukiwaita kwa sauti ya mapenzi wanakutazama kama wewe ndiye unayedaiwa. Lakini mwezi haukuisha panya wakahama, na mimi si mtu wa kudhulumu vibarua. Kila jioni nikawa nawawekea sufuria chini ya mwembe: ugali wa muhogo uliovurugwa na vichwa vya migebuka.

Jioni inayofuata nakuta sufuria inang'aa. Nikajisifu kwamba paka wangu wanakula vizuri.

Siku moja nikabaki nyumbani na homa, nikaona wanaokula. Walianza kunguru. Wakafuata nguchiro, baba, mama na watoto, wamejipanga mstari kama wanafunzi wanaokwenda kuchota maji. Mchana jua kali, kenge akatokea upande wa ziwani, anatembea taratibu, tumbo linaburura, kama mgeni rasmi anayejua kwamba mkutano hauwezi kuanza bila yeye. Paka sita walikuwa juu ya bati wanaangalia. Nikaelewa kwa nini wana hasira.

Usiku nikachungulia dirishani, nikahesabu paka saba. Nikafurahi. Nikamwamsha Mama Watoto: "Tumepata mwingine, mzuri huyo, mwembamba, ana madoadoa, na mkia mrefu una pete pete."

Akasema bila kufumbua macho, "Baba, huyo ni kanu. Kesho hesabu kuku."

Nikahesabu. Sitaki kulizungumzia hilo.

Aliyeniudhi zaidi, hata hivyo, alikuwa fungo. Fungo ni mnyama mnene, uso mweusi kama aliyevaa barakoa, anakula kila kitu: embe, panya, mende, jongoo, ugali wangu. Na ana desturi moja: haja yake anaiweka mahali palepale kila siku, chungu moja juu ya nyingine. Yeye alichagua nyuma ya migomba yangu. Nimewahi kuwa na wapangaji wasiokuwa na nidhamu hiyo, lakini wapangaji walau walikuwa wanalipa.

Nikamuuliza bwana mifugo. Alinipa jibu fupi, na la bure, labda ndiyo maana sikulithamini. Alisema kanu na fungo ni wanyama wa usiku, kwa hiyo paka walishwe asubuhi, wapewe nusu saa, kisha sufuria iondolewe, isibaki hata punje. Akaongeza kwamba chakula kikilala nje, wanyama wa porini na wa nyumbani wanakutana kwenye chombo kimoja, wanang'atana, na kichaa cha mbwa hakichagui nani ana mwenyewe na nani hana. Nikamshukuru. Nikaona ushauri huo haunifai, maana mimi alfajiri niko Kibirizi. Mama Watoto yupo nyumbani asubuhi yote, lakini wazo la kumwomba halikunijia. Mwanamume akishaona msumeno, mawazo mengine yanajifuta.

Nikajenga kichanja. Vichanja ndiyo elimu yangu, tunaanikia dagaa. Miguu minne ya mkaratusi, urefu mita moja na nusu, wavu juu. Kila mguu nikausimamisha ndani ya kopo la maji, sisimizi wasipande. Paka ataruka kwa mruko mmoja. Fungo kwa kitambi kile atabaki chini anasoma nyota.

Usiku wa kwanza ugali ukawa unapenya kwenye wavu, unadondoka chini, na fungo amekaa chini anaudaka kama mtoto anayengojea ukoko. Kwa hiyo nikachukua ungo wa Mama Watoto, ule mkubwa wa kupepetea, nikautandika juu ya wavu, na sufuria ndani yake. Naomba msomaji akumbuke: ungo ulikuwa wa kuzuia ugali usidondoke. Hauna kazi nyingine.

Usiku wa pili kanu akapanda mguu wa kichanja kama anapanda ngazi za kwao. Nikawaza kitu cha utelezi. Kigoma hii mtu anawazaje utelezi asifikie mawese? Nikachukua dumu dogo jikoni, nikapaka miguu yote minne mpaka ikawa myekundu. Asubuhi nikakuta paka wamekaa chini wanailamba miguu hiyo, chakula chao juu hawana habari nacho. Mbao zilikuwa safi kuliko sahani zetu. Ikabidi niwe napaka upya kila usiku.

Yote haya yaliangukia siku za mbalamwezi. Wanaoijua kazi yetu wanajua: dagaa hufuata taa kwenye giza, na mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haina thamani, vipe, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, vinafungwa ufukweni, nasi tunakaa nyumbani kuwasumbua wake zetu. Nikawa na muda. Nikaamua usiku mmoja nilinde mwenyewe, nimwone huyo kanu anafanyaje. Kwa kuwa mwezi ulikuwa mweupe kama mchana, na shati langu jeupe lingenionyesha, nikaazima kaniki ya Mama Watoto, nikajifunga. Kaniki tu, maana joto. Msomaji akumbuke na hilo pia: kaniki ilikuwa ya kujificha na mnyama.

Saa nane usiku nimechutama kwenye shina la mwembe, dumu la mawese mkononi, paka sita wamenizunguka wanangoja nipake mbao walambe. Kimya. Mara majani juu yakatikisika. Kanu huyo! Miguu yote ile niliyoigharimia mawese, yeye kapita juu, kwenye tawi, akadondokea katikati ya sufuria bila hata kuchafua ukucha.

Nikachomoka. Yeye akarudi mtini kwa mruko mmoja. Nami kwa hasira nikasimama chini ya mwembe, nikanyoosha mkono juu, nikapiga kelele: "Shuka! Nimekuona! Leo hurudi kwenu!"

Akanitazama tu. Nikashika mguu wa kichanja ili nipande. Sijui nani aliyenituma kusahau nilichokuwa nimepaka. Mkono ukateleza, kifua kikafuata, kichanja kikainama kwa adabu kama kinanikaribisha, sufuria ikapita sikioni, na dumu likanimwagikia kichwani lote. Nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa. Nimekaa juu ya kitu cha duara, kinachoalika. Nikapapasa. Ungo. Paka sita hawakupoteza muda, wakanivamia wananilamba mabega.

Hapo ndipo kurunzi ikaniwakia usoni.

Bibi jirani huamka usiku wa manane kusali. Mchana macho yake hayamsaidii sana, ananiita jina la marehemu kaka yangu. Usiku ule aliona vizuri. Mwaka 1871, hapa hapa Ujiji, Stanley alimkuta Livingstone, na tunasimuliwa ilikuwa chini ya mwembe, akamwambia kwa adabu kwamba anadhani ndiye. Bibi hakudhani. Aliniita jina langu lote, na la baba yangu.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. Sikuwa na jingine la kusema.

"Marahaba." Kurunzi ikateremka polepole: kichwa chekundu, kaniki, paka, ungo. Ikapanda juu ya mwembe, ikakuta macho mawili yanawaka, ikarudi kwangu. Nikasikia anaanza Ayatul Kursiyu kwa sauti ya chini. Aliimaliza bila haraka. Kisha akauliza kwa huruma ya mzazi kabisa:

"Umetua vibaya, mwanangu?"

Nikajaribu kueleza. Naomba na wewe ujaribu siku moja, umekaa uchi nusu kwenye ungo saa nane usiku, kueleza kwamba unalinda chakula cha paka. Kila sentensi niliyoitoa iliongeza kosa. Nilisema mawese ni ya kanu. Nilisema ungo ni wa ugali. Nilisema kaniki ni ya mke wangu. Akaitikia, "Ndiyo, baba. Ndiyo," kama anavyoitikiwa mgonjwa, akarudi ndani, nikasikia komeo la kwanza, la pili, kisha kitu kizito kama kabati kinaburutwa.

Bibi si mmbea. Alimweleza mtu mmoja tu. Bahati mbaya mtu huyo ndiye anayeuza vitumbua.

Saa tatu asubuhi mwenyekiti wa mtaa alikuwa kwangu na daftari. Nikampeleka akaona kichanja, makopo, mbao, lundo la fungo nyuma ya migomba. Alikagua kila kitu, akainusa kalamu yake, akauliza, "Sasa niandike nini?" Mwisho aliandika "ajali ya nyumbani" akaondoka, lakini nilimwona alivyoruka kivuli changu.

Nami nikajua biashara imekufa. Sivyo. Mchana ule ule kuna jamaa ambaye amekuwa akinikimbia tangu Mfungo Tatu kwa deni la magunia mawili. Alikuja mwenyewe. Alilipa yote, akakataa chenji, akaondoka kinyumenyume mpaka barabarani. Jioni wakaja wengine wawili. Mmoja alilipa deni ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Usiku akaja kijana wa timu fulani ya mtaani, anataka kujua Jumamosi golini kwao pakae nini. Huyo nilimfukuza. Mama Watoto aliniomba tu nisikanushe kwa sauti kubwa hadi daftari la madeni liishe.

Paka siku hizi analisha yeye, saa mbili asubuhi, nusu saa, sufuria inaingia ndani na kuoshwa. Kanu alikuja siku mbili tatu, akakuta mahali pakavu, hakurudi. Fungo naye amehamia kwa mwenye michikichi nyuma yetu, pamoja na choo chake. Kazi yote hiyo haikuhitaji msumari hata mmoja.

Juzi jioni Bibi akapiga hodi, mara ya kwanza tangu siku ile. Amebeba ungo mpya kutoka sokoni, mpana, umesukwa vizuri. Akaniwekea magotini.

"Ule wako niliona umepasuka," akasema. "Huu utakutosha." Akageuka kuondoka, akasita mlangoni, akashusha sauti. "Ukivuka Kongo, niletee kitenge. Doti moja tu, najua mzigo unakulemea."