Mtei, Msuya na kiti cha Hazina

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la nne hapa Moshi. Mama aliniamsha kabla ya adhana ya alfajiri niende kuweka jiwe kwenye foleni ya duka. Jiwe langu lilichorwa alama ya mkaa lisichanganyike na ya wenzangu. Nikitoka shule nilimkuta mama bado amesimama palepale, sukari haijaja, ila kuna sabuni, kipande kimoja kwa kila kaya. Wenye ndugu Taveta, upande wa Kenya, walivuka usiku na kurudi na mafuta ya kupikia wameyaficha chini ya ndizi.

Sikujua kwamba miaka mitatu kabla ya foleni ile, mtu wa kwetu, wa Marangu, alishaiona inakuja.

Edwin Mtei alikuwa mtumishi wa umma kabla ya kuwa mwanasiasa. Alikuwa Katibu Mkuu Hazina, na mwaka 1966, akiwa hajatimiza miaka 34, akawa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Noti za kwanza za shilingi yetu zina saini yake. Mwaka 1974 akaja Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, akaishuhudia ikivunjika mwaka 1977. Ndipo akapewa Wizara ya Fedha, na huo haukuwa wakati wa kumtakia mtu uwaziri. Muda si mrefu vita vya Kagera vikala akiba, mafuta yakapanda, bei ya kahawa ikashuka baada ya neema tuliyoipata Brazili ilipopigwa na baridi kali.

Mtei alizungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) akaona lazima thamani ya shilingi ishushwe na matumizi yapunguzwe. Mwalimu Nyerere akakataa. Desemba 1979 Mtei akajiuzulu, akarudi kwenye shamba lake la kahawa Tengeru.

Namheshimu Mwalimu, na najua alichokiogopa: mashirika ya nje kutupangia nani asome na nani atibiwe. Hofu hiyo haikuwa ya bure, tuliyaona wenyewe baadaye tulipoanza kuchangia hospitali. Lakini hesabu hazikumsubiri mtu. Dola iliyokuwa kama shilingi 8 wakati Mtei anaondoka ilifikishwa shilingi 40 mwaka 1986, na mkataba na IMF ukasainiwa mwaka huohuo. Waziri wa Fedha alikuwa Cleopa Msuya wa Usangi, naye pia aliwahi kuwa Katibu Mkuu Hazina. Bajeti yake ya 1984 ndiyo iliyoruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Sisi watoto tuliijua kwa namna moja tu: sabuni zilirudi dukani, ghali, lakini zipo.

Watu hupenda kuniuliza nani alikuwa sahihi, aliyeondoka au aliyebaki. Mimi naona wote wawili walifundwa na kiti kimoja. Katibu mkuu hakai pale kumpigia waziri makofi. Kazi yake ni kuandika ukweli kwa wino, kuweka saini, na kuupeleka juu hata kama anajua utarudi umekatwa mstari mwekundu. Mtei alipoona hausikilizwi, aliachia kiti. Msuya alikaa hadi wakati ukafika. Anayeniumiza ni wa tatu, yule anayeona namba haziendi, akanyamaza na kulinda gari la cheo chake.

Wa tatu huyo nimefanya naye kazi. Kwenye ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja niliandika dokezo sabili, yaani maelezo ya ndani ya ofisi, kurasa mbili, kuonyesha malipo ya mkandarasi yamezidi kazi iliyopimwa. Bosi wangu alilisoma lote, akakubali hesabu ni sahihi, halafu akaniambia, "Mdogo wangu, hili liache kwanza." Hakunikemea hata kidogo. Alinitolea chai. Mwezi uliofuata malipo yalipita.

Nilitaka kulichomoa lile dokezo kwenye faili, kwa hasira. Mzee wa masijala akanishika mkono: "Usilitoe. Siku moja atakuja mtu wa kulisoma." Ameshastaafu mzee yule, na mimi nimeshahamishwa. Dokezo bado liko pale kwenye faili, folio, yaani namba yake humo, ni ya 47.