Kaunta Isiyotaka Ndimu

Ukitaka kujua nyumba ni ya nani, jenga hadi ufike jikoni. Msingi nilichagua mimi, bati nikachagua mimi, hakuna aliyeniuliza. Ilipofika zamu ya kaunta ya jikoni, Goba nzima wakawa mainjinia.

Mama Nasra anataka marumaru, nyeupe, yenye mishipa ya kijivu. Kaiona kwenye simu. Nikamwambia, mama, marumaru ni jamii ya chokaa. Ndimu ikidondokea pale inaula uso wake, linabaki doa limepauka na sabuni haliijui. Sasa nyumba hii samaki ndimu, pweza ndimu, kachumbari ndimu, ukwaju upo, siki ipo, mafua yakibisha hodi ndimu tena. Jiwe gani hilo litaweza kuishi na sisi? Akanijibu, "Basi wewe uwe unakula samaki mkavu."

Fundi naye akaja na jiwe la kiwandani, lile wanaloliita kwatsi: mawe yaliyosagwa, kama asilimia 90, yakashikishwa kwa gundi. Ndimu haina ubavu nalo. Lakini gundi ni gundi, ukiitua sufuria ya ubwabwa kutoka motoni moja kwa moja, imekula kwako. Na mama mkwe, Mungu amweke, tangu nimjue hajawahi kutafuta kitu cha kutulia sufuria. Tena Australia wameyapiga marufuku mawe hayo tangu Julai 2024, vumbi lake linamaliza mapafu ya wanaoyakata. Nilipomweleza fundi, akavuta kola ya tisheti hadi puani. "Usijali bosi, mimi nimezoea."

Vigae hata sikuvijadili. Grauti, ile saruji ya kuziba katikati ya vigae, ikishanywa bizari ya mchuzi, ndiyo rangi yake ya kudumu.

Mimi nilitaka terazo. Zile nyumba za zamani za Upanga, watoto wamezaliwa juu ya terazo, wameoa, wameleta wajukuu, terazo ipo tu inang'aa. Saruji na chenga za mawe, inamwagwa palepale, ikikauka inasagwa kwa mashine. Mama Nasra akacheka mpaka kanga ikamlegea. "Unataka nipikie zahanati?" Nilipozidi kuisifu akaniuliza taratibu, "Na hizo chenga si za marumaru? Ndimu itazibagua?" Fundi ghafla akaanza kupima dirisha.

Tukaishia kwenye graniti. Mwanza watu wanaanikia nguo juu yake bure, mimi nimeilipia kwa futi. Nikalipa kirikuu, nikalipa vijana wa kubeba, maana mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 2 inapita kilo 50. Kumbe bado kuna dawa ya kupaka lisinywe mafuta. Jiwe! Linakunywa mafuta!

Haya, lipo. Mchicha unakatiwa kwenye sinia mapajani, nazi inakunwa uani, maharage yapo uani kwenye jiko la mkaa. Juu ya graniti kuna chaja, vikaratasi vya LUKU na maua ya plastiki. Juzi nimetua kikombe changu cha chai tu, ikatoka sauti huko nje:

"Baba Nasra! Hapo si pa kuwekea vitu!"