Kamba wa mama mkwe

Mimi mtu wa Singida, kuku nawajua kwa majina ila vitu vya baharini nimevijulia ukubwani. Sasa tumepeleka mahari Tanga, mama mkwe kaandaa wali na kamba wa nazi, wanono hao, ananiambia "kula baba, usione haya". Wala sikuona. Kamba nilishawahi kula mara moja Dar hawakunifanya kitu, kwahiyo nikajishindilia.

Hata dakika kumi hazijaisha mdomo unawasha, nikajua pilipili. Mara viganja, mara mgongo, najisugua ukutani kama mbuzi mbele ya wazee, mshenga ananikonyeza nitulie. Shemeji mdogo ndo akaropoka "mbona bwana harusi kabadilika?" Kujishika hivi, midomo imeumuka kama maandazi yaliyozidi hamira na jicho moja limefunga duka. Shangazi mtu kashaanza kunisomea Ayatul Kursiy. Mzee namsikia anamnong'oneza mshenga, "hela mmeshahesabu?"

Kifua kilipoanza kubana na sauti kukwaruza wakanitupia kwenye bajaji. Hospitali nikachomwa adrenalini ya paja, nikaambiwa silali nyumbani leo maana aleji kama hii inaweza kutulia halafu ikarudi masaa kadhaa baadae.

Nikamuuliza dokta, mbona mara ya kwanza sikudhurika? Akasema siku ile mwili ulikuwa unamsoma kamba tu, ukatengeneza kingamwili zake zikaenda kukaa juu ya seli fulani zinamvizia. Leo kaingia tena, seli zikamwaga histamini, ile kemikali ya aleji, yote kwa mpigo, mishipa ikaanza kuvuja maji ndo huo uvimbe, na njia ya hewa ikabana. Kuna wanaofanywa hivyo na karanga, wengine mayai, wengine maziwa, mimi ndo kamba.

Angeishia hapo ningemshukuru. Akaniuliza unapoishi kuna mende? Nikajibu bila kufikiri, wengi tu dokta, si unajua mageto. Ati kuna protini ya kamba inafanana sana na ya mende, kwahiyo huenda mwili wangu ulianza kujifunzia kwao. Na mama mkwe kasimama palepale na chupa ya uji. Akaniangalia weee, akasema "kumbe mwanangu namuozesha kwenye mende".

Juzi kanitumia mzigo kwa basi. Nimeenda stendi mbio najua ni visheti, nafungua nakuta makopo mawili ya dawa ya mende.