Kwenda nyumbani wakati wa korona: hatari ilikuwa ya nani?

Kuanzia 2020 mpaka mwanzoni mwa 2022 karibu kila mtu wetu aliyekuwa nje alikuwa anazunguka na swali moja kichwani, niende nyumbani au nitulie, na mpaka leo huku Uingereza mkikaa kwenye msiba au kitchen party ukiligusa tu watu wanagawanyika na sauti zinapanda. Kuna wanaosema mtoto aliyeshindwa kwenda kuona wazazi wakati dunia nzima inaumwa huyo kashapotelea majuu. Kuna wanaosema aliyepanda ndege kipindi kile alikuwa mbinafsi, kabeba ugonjwa kawapelekea wazee. Nimekaa na wa pande zote na kila upande una hoja ya maana kabisa, ila naona wote walipiga hesabu ya tiketi, likizo na karantini, yaani gharama za msafiri, na wachache sana walipiga hesabu ya yule anayekwenda kutembelewa.

Nianze na waliokataa kwenda manake hoja yao ndo ngumu kuijibu. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa Mtanzania aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akitokea Ubelgiji. Wa Kenya, tarehe 13 mwezi huohuo, Mkenya aliyetoka Marekani akapitia London. Wa Uganda, tarehe 21, Mganda katokea Dubai. Nchi tatu, na zote wa kwanza kugundulika alikuwa mtu anarudi kwao, wala hakuwa mtalii. Siwalaumu hata kidogo, mtu haupati ugonjwa kwa kupenda na wote watatu walipona, lakini inakuonyesha njia yenyewe ilipita wapi.

Afu tuangalie sisi wenyewe tunafanya kazi gani huku. Wengi wetu tuko kwenye kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, hospitali, mabasi, maghala, usafi, yaani zilezile kazi ambazo wakati wenzetu wamefungiwa majumbani na laptop zao sisi tulikuwa tunatoka asubuhi na barakoa. Kwa hiyo mtu anayemaliza shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee Reading, anapitia Doha au Addis, anatua Kilimanjaro, anakwenda moja kwa moja kumkumbatia mama wa miaka 76 mwenye presha na sukari, huyo alikuwa anatoka sehemu yenye maambukizi mengi kweli kwenda kwa mtu dhaifu kuliko wote. Na kile kipimo cha korona cha PCR tulichokuwa tunakishikilia kama hati ya kiwanja kilikuwa kinakwambia tu hali ya siku ile ulipopimwa. Ukiambukizwa uwanja wa ndege siku mbili baadae karatasi yako bado inasoma huna.

Na huko unakokwenda je? Tanzania mara ya mwisho takwimu kutolewa kipindi kile ilikuwa mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020, jumla wagonjwa 509, vifo 21, baada ya hapo kimya zaidi ya mwaka. Mtu aliyeko nje anataka kujua hali ya Moshi au Dar ilibidi asome kwa kuhesabu salamu za rambirambi kwenye magrupu ya WhatsApp. Januari 2021 watu walikuwa wanakufa kwa "changamoto ya kupumua", Baraza la Maaskofu Katoliki likaandika barua kuwaonya waumini, tarehe 17 Februari siku moja tukampoteza Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar, na Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Na katikati ya hayo yote, tarehe 27 Januari pale Chato, Rais Magufuli akasema kuna Watanzania walikwenda nje kuchanjwa wakaturudishia korona ya ajabu. Yaani serikali inasema ugonjwa hamna, ila walioleta ni nyie mnaosafiri. Ukiwa Leicester na tiketi mkononi ukasikia ile hotuba ulikuwa hujui ucheke au u-cancel.

Wapinzani wa safari walikuwa na hoja nyingine ambayo mimi naona haijawahi kujibiwa vizuri, ile ya chanjo. Wafanyakazi wa afya na kea huku Uingereza walianza kuchanjwa Desemba 2020. Tanzania uzinduzi ulifanyika tarehe 28 Julai 2021 Mama Samia alipochanjwa hadharani, na Kenya chanjo zilianza Machi ila mwanzoni zilikuwa chache. Kwa hiyo kuna miezi kadhaa hapo ambapo msafiri yuko salama salmini, kapiga dozi mbili, anajiona sasa naweza kwenda, wakati anayemfuata hajapata hata moja. Chanjo ilipunguza hatari ya kuugua sana kwa aliyechanjwa, haikumzuia kabisa asibebe kirusi akampelekea mwingine. Yaani kipindi kilekile tulichojiona tumekomboka ndo kipindi ambacho hatari yote iliangukia upande mmoja, wa wazee.

Sasa upande wa waliokwenda, na msidhani walikuwa wajinga.

Hoja yao kubwa ni muda. Aliyesema Machi 2020 "ngoja iishe" alikuwa anafikiria miezi mitatu. Ikaja Desemba akasema mwakani, ikaja Delta, aina mpya ya kirusi, Kenya ikatangaza kaunti 13 za upande wa magharibi kuwa eneo hatari Juni 2021, akasema mwishoni mwa mwaka, ikaja Omicron, aina nyingine tena. Hiyo miaka inakwenda na mzee yuko palepale anazeeka. Mzazi wa miaka 82 hana Desemba nyingi za kuahirisha, na ukiwauliza watu waliopoteza wazazi kipindi kile utasikia wengi walikufa na mambo ya kawaida tu, kansa, kiharusi, figo, mambo ambayo yangewaua hata bila korona, ila sasa wamekufa mtoto hajawaona miaka mitatu. Hatari ya kwenda ilikuwa inatangazwa kila jioni kwenye TV. Hatari ya kutokwenda hakukuwa na waziri wa kuitangaza.

Halafu kuna ukweli mwingine wasioupenda wale waliokataa kwenda, kwamba kwa muda mrefu hali ya huku ilikuwa mbaya kuliko kule. Tanzania anga lilifunguliwa tarehe 18 Mei 2020, karantini ikaondolewa, maisha yakaendelea, wakati mtu kakaa peke yake kwenye chumba Birmingham haruhusiwi hata kumtembelea jirani. Kuna watu akili zao zilikuwa zinakwenda kubaya kweli na ile safari ndo iliwashika. Na mtu wa Kilimanjaro Desemba bila kwenda Moshi, jamani, hilo ni jambo la kuulizwa na ukoo mzima, wapo ambao hawajawahi kukosa tangu waanze kazi.

Hapa kwenye misiba ndo naona tulichanganya mambo kuliko sehemu yoyote. Huku Uingereza hata wakati ule safari za nje zimekatazwa na faini ya pauni 5,000 imewekwa kuanzia mwisho wa Machi 2021, sheria iliruhusu utoke kwa sababu za msingi, na kumwona mtu anayekaribia kufa ilikuwemo, na kwenda kuzika ilikuwemo. Zote mbili. Lakini watu wetu waliitumia ya pili. Nimeona mtu mama yake kalazwa hospitali ya KCMC Moshi wiki tatu, yeye anasema hali ya korona jamani, nitume hela ya dawa, mama akifariki saa nne asubuhi saa kumi jioni jamaa kashakata tiketi na michango inapita kwenye grupu. Ukipiga hesabu ya ugonjwa tu hiyo ni kinyume kabisa, manake kumuuguza mzazi unakutana na watu wanne watano, msibani unakutana na wazee wote wa ukoo kwenye turubai moja mnashikana mikono mnakula sinia moja. Kenya walijaribu kupunguza, 2020 wakaweka kikomo cha watu 15 kwenye mazishi kabla hawajalegeza, na ile desturi ya kuweka mwili mochwari wiki mbili kumsubiri mtoto wa Minnesota ikagonga mwamba, watu wakazika kwa kuangalia YouTube. Pwani na Zanzibar hilo halikuwa swali kubwa sana, maiti inazikwa siku hiyohiyo, hata bila korona aliyeko Toronto huwa hawahi.

Najua jibu lake, kwamba msiba ni wa waliobaki, baba amebaki mjane na wadogo zako wanataka kukuona. Sikatai. Wengine wanaamini marehemu hapumziki mpaka mtoto wa kwanza atupe udongo na siwezi kukaa huku nikawaambia imani yao ni takwimu mbaya. Ila nikilazimishwa kuchagua ningesema hivi, kama kulikuwa na safari moja tu ya kuhatarisha basi ilikuwa ya kwenda kumuuguza aliye hai, tena ya kukaa muda mrefu, unafikia gesti mjini siku kadhaa kwanza unajiangalia, ndo unapanda nyumbani, huzunguki kwa mashangazi kumi na sita. Ile ya siku kumi za Krismasi, leo send-off kesho kipaimara keshokutwa nyama choma, hiyo ilikuwa na hasara zote kwa pamoja na hata mzazi mwenyewe hukukaa naye.

Wakati huohuo hela ziliendelea kwenda, tena ziliongezeka. Wakenya wa nje walituma nyumbani kama dola bilioni 3.09 mwaka 2020 na bilioni 3.72 mwaka 2021, wakati watu walitegemea zitaporomoka. Mimi nahisi sehemu ya hizo ni tiketi ambazo hazikukatwa zikageuka kuwa M-Pesa. Kwa mzee anayehitaji dawa ya presha kila mwezi hilo siyo dogo, na kuna wazazi waliosema wazi bora hiyo nauli unitumie, nami naona wanaowacheka waliotuma hela hawajawahi kununua dawa za mzee.

Lakini yote haya niliyoyasema yanahusu mtu mwenye uhakika wa kurudi, na hapo ndo mjadala wetu unapokuwa wa uongo kidogo. Uingereza iliifungia Tanzania tarehe 22 Januari 2021, asiye na haki ya kuishi hapa haingii, na kuanzia tarehe 15 Februari hata mwenye makaratasi yake akirudi anakwenda kufungiwa hotelini siku kumi kwa pauni 1,750 za mfukoni mwake. Mke au mume anaongeza 650, watoto wa miaka mitano mpaka kumi na miwili 325 kila mmoja, familia ya watu wanne hapo pauni 3,050 kabla hujala hata ugali wa nyumbani. Agosti wakapandisha ya mtu mzima mmoja kuwa 2,285. Kenya iliingia kwenye orodha hiyo ya nchi zilizofungiwa tarehe 9 Aprili ikatoka tarehe 22 Septemba, Tanzania ikasubiri mpaka tarehe 11 Oktoba. Na hizo siku kumi hotelini anayelipwa kwa saa halipwi chochote. Kwa hiyo nesi mwenye pasipoti nyekundu ya Uingereza na akiba alikuwa anajiuliza kama ni busara kwenda, wakati kijana wa maghala swali hilo hakulifikia kabisa.

Uarabuni ndo usiseme. Oman ilisema asilimia 18 ya wanaotoka Tanzania walikutwa na korona, mwishoni mwa Februari 2021 ikafunga mlango, na tujue kuna watu wana familia Muscat na Unguja kwa vizazi, kwao hiyo ilikuwa ni kukata nyumba katikati. Imarati ikafungia Kenya na Tanzania tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Krismasi yenyewe. Ukizidisha miezi sita nje ya Dubai ukaazi wako unaweza kufutika, kwa hiyo kila mlango ulipofungwa mtu alikuwa anahesabu siku. Na dada wa kazi ambaye pasipoti yake iko kwenye droo ya bosi Riyadh hakuwa na cha kuamua, iwe korona iwe hamna.

Mwanafunzi wa Marekani ambaye viza ilikuwa imeisha na ubalozi umesitisha huduma za kawaida tangu Machi 2020, akitoka harudi, shule inapotea. Hao wamekosa mazishi ya baba zao, na ndo haohao siku hizi tunawasema kwenye vikao kwamba walikuwa na roho ngumu, na wanaosema kwa sauti kubwa ni wenye makaratasi, wengi wao hawakwenda pia.