Thomson Yupi?

Mtu akikutajia bin Ali, swali linakutoka lenyewe: Ali yupi, wa wapi, mjukuu wa nani? Thomson ni jina la aina hiyohiyo. Maana yake ni mwana wa Thom, ufupisho wa Thomas, kwa hiyo kwetu ni bin Tomasi tu. Huko Uskoti na Uingereza jina la baba liliganda likawa la ukoo, na kwa kuwa akina Thomas walijaa kila mahali, zikazuka koo nyingi zisizo na damu moja. Ajabu ni kwamba sisi tuliozoea kuuliza "yupi?", tukifika kwa Thomson tunaliandika jina hilo peke yake na kuendelea na safari. Naona ni kosa, tena kosa linalozaa mengine.

Chukua akina Joseph wawili. Wa kwanza ni msafiri, Mskoti aliyezaliwa 1858. Mwaka 1879 alikuwa katika msafara wa Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha Uingereza, ulioongozwa na Keith Johnston. Johnston akafariki njiani, huko Behobeho katika Tanzania ya leo, na kijana wa miaka 21 akaachiwa uongozi, mnyapara wa msafara akiwa Chuma, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa waliousafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani. Mwaka 1883 akatoka Mombasa na kuvuka nchi ya Wamaasai. Ndiye mwenye jina lililopewa maporomoko ya Nyahururu, ambako mto Ewaso Narok unaanguka kiasi cha mita 74. Alikufa 1895.

Wa pili ni Joseph John, aliyezaliwa Manchester Desemba 1856, mwaka mmoja na kidogo tu kabla ya mwenzake. Huyu ni mwanafizikia wa Cambridge aliyetangaza elektroni mwaka 1897 na kupata Tuzo ya Nobel 1906. Hawana undugu, ila andika "J. Thomson" uone msomaji atakavyotangatanga. Alama ya kumtambulisha haraka ni cheo: ukikuta Sir Joseph Thomson, ni mwanafizikia, maana alipewa cheo hicho 1908 na msafiri hakukipata kamwe. Na Waingereza huambatanisha Sir na jina la kwanza; "Sir Thomson" si sahihi, ingawa tunaiandika sana.

Panapoumiza zaidi ni kwenye fizikia, kwa sababu yuko pia William Thomson, aliyezaliwa Belfast 1824. Athari ya Joule-Thomson ni yake na mwanafizikia mwenzake James Joule: gesi iliyobanwa ikipenyezwa kwenye tundu jembamba ili ipanuke, bila kupokea wala kupoteza joto kwa nje, halijoto yake hubadilika. Katika halijoto ya kawaida gesi nyingi hupoa. Hidrojeni na heli hupata joto. Wanafunzi wengi wanampa J. J. sifa hii, pengine kwa sababu ile "J" ya Joule inawababaisha. Dawa ni kulinganisha miaka. Joule na mwenzake walianza majaribio hayo 1852, na J. J. alikuwa hajazaliwa. Kwa upande mwingine, mtawanyiko wa Thomson, yaani mwanga unavyotawanywa na elektroni huru, ni wa J. J., maana huwezi kuueleza bila elektroni.

William ana mtego wake. Mwaka 1892 alifanywa lodi, akachukua jina la mto Kelvin unaopita karibu na Chuo Kikuu cha Glasgow. Kwa hiyo maandishi yake ya kabla ya hapo yako chini ya Thomson, ya baadaye chini ya Kelvin. Anayetafuta upande mmoja tu anakosa sehemu ya kazi zake, na wapo wanaomhesabu kuwa watu wawili. Yeye na J. J. wote wamezikwa Westminster Abbey, kwa hiyo hata kaburi halisaidii kuwatenganisha!

Undugu wa kweli humu ni mmoja: George Paget Thomson, mwana wa J. J., aliyepata Nobel 1937 kwa kuonyesha kwamba elektroni hutenda kama wimbi. Ukiandika "Thomson alipata Nobel kwa kazi ya elektroni", umesema baba au mwana?

Halafu herufi p. Wasio nayo zaidi ni Waskoti, wenye nayo zaidi ni Waingereza, lakini usikisie; angalia mwenye jina alivyoliandika. Bunduki ile ndogo ya rashasha iitwayo Thompson ni ya Mmarekani John Thompson, yenye p. Aliyeandika maisha ya Kelvin mwaka 1910 ni Silvanus Thompson, yenye p, akimweleza Thomson asiye nayo. Ukikosea herufi moja, mwandishi na anayeandikwa wanageuka mtu mmoja. Kwenye kampuni, Thomson iliyoungana na Reuters 2008 inatokana na Roy Thomson wa Kanada, na Thomson ya televisheni za Ufaransa inatokana na Elihu Thomson, mhandisi wa umeme. Hazihusiani.

Kosa jingine ni letu wenyewe. Kiingereza huongeza s ya umiliki, nasi tunaibeba na kuandika "maporomoko ya Thomsons". Ile "ya" imeshamaliza kazi, s iachwe.

Kwa yule mnyama swala aliyepewa jina la Thomson, tunalo jina tayari: swala tomi, na mwenzake swala granti. Tomi ana mstari mweusi ubavuni, lakini usiutegemee huo peke yake, kwani granti wachanga na baadhi ya majike nao huwa na mstari mweusi. Tazama matakoni: weupe wa tomi unaishia chini ya mkia, wa granti unapanda hadi juu yake. Chini ya picha yake andika swala tomi, na kama lazima utaje aliyepewa heshima hiyo, andika Joseph Thomson, msafiri, 1858 hadi 1895.