Chaki na mkaa visigusane

Mara ya kwanza kumchora mjomba kwa mkaa na chaki, nilimharibu. Alikaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, mwanga ukiingia kwa mlangoni. Karatasi ilikuwa ya kaki, ile ile ya kujalidia madaftari. Nikaweka vivuli kwa mkaa, nikang'arisha bega kwa chaki, kisha nikasugua kwa kidole ili vishikane. Alipogeuka kutazama akasema, "Mjomba, mbona umenipausha hivi? Mafuta yameisha?"

Hakukosea. Mkaa ukichanganyika na chaki hutoa rangi ya majivu, na juu ya kaki, yenye rangi ya joto kama udongo, majivu hayo yanaonekana kama ugonjwa wa ngozi.

Tangu hapo nina msimamo ambao wenzangu wanauona mkali: chaki na mkaa visigusane, katikati yake ibaki karatasi tupu. Kwenye karatasi nyeupe mwanga umeshapewa, kazi yako ni kutia giza tu, na utatia giza mpaka mkono ufe ganzi. Kwenye karatasi ya rangi, nusu ya mwili ipo kabla hujagusa kitu. Tafuta penye giza zaidi ya karatasi, tafuta penye mwanga kuizidi, basi.

Najua mtanitajia Pierre-Paul Prud'hon, Mfaransa aliyefariki 1823, bingwa wa kuchora miili ya watu kwa chaki nyeusi na nyeupe. Yeye alizifikicha pamoja bila woga, kisha akarudi juu na vistari vyembamba vinavyofuata mviringo wa misuli. Sawa, lakini alichorea karatasi ya bluu! Kijivu baridi juu ya bluu ni ndugu wawili. (Michoro yake mingi sasa karatasi imechujuka, bluu imegeuka kijivu au hudhurungi, na bado miili inapumua.) Mwenye mkono kama ule avunje sharti langu. Sisi wengine tungoje.

Juzi nimemchora mjomba tena, kigoda kile kile. Mkaa chini ya kwapa na kwenye bonde la uti wa mgongo. Chaki mara tatu: ncha ya bega, ukingo wa sikio, kiwiko. Akautazama mchoro, akaukaribia, akataka kujua mgongo nimeupaka rangi gani.