Misalaba Mitatu ya Katanga: Urithi au Kidonda?

Bendera ya Katanga, jimbo la kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lililojitenga mwaka 1960, imekatwa kwa mshazari. Upande wa juu, penye mlingoti, ni nyekundu. Utepe wa kijani unapanda kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na chini yake ni nyeupe. Juu ya weupe huo imepangwa misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Kwa kawaida nyekundu huelezwa kuwa ni ushujaa, kijani matumaini, nyeupe usafi, na misalaba ni utajiri wa nchi. Ilipandishwa Julai 1960, ikashushwa Januari 1963. Miaka miwili na nusu tu, lakini hadi leo ukiitaja mbele ya Wakongo wawili unaweza kuwagombanisha.

Kwa wengine ni urithi wa jimbo ulionyang'anywa, na inastahili kurudi hata kama ni kwa heshima tu. Kwa wengine ni nguo ya uasi, na hakuna namna ya kuisafisha. Nimezipima hoja za pande zote mbili, na naona pande zote zinafanya kosa moja: zinauchukulia msalaba na bendera kuwa kitu kimoja.

Tuanze na msalaba, maana ndipo penye hoja nzito ya watetezi. Kabla Mbelgiji yeyote hajakanyaga huko, wenyeji wa kusini mwa Katanga walikuwa wakichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, wakiyayeyusha katika tanuri za udongo wa kichuguu na kuimimina shaba katika kalibu zenye umbo la X. Kipande kilichotoka humo kilikuwa mali, na baadaye kikawa fedha. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wanaakiolojia waliochimba makaburi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuta misalaba hiyo pamoja na mifupa ya wenyewe: mingine imelazwa kifuani, mingine karibu na mikono na nyonga. Ya zamani ni mikubwa na michache. Ya baadaye ni midogo, mingi, na vipimo vyake vinalingana. Wataalamu wamelisoma badiliko hilo kuwa ni safari ya msalaba kutoka mali ya heshima, pengine ya mahari, hadi fedha ya kununulia vitu vya kila siku.

Bonde la Upemba, mahali marehemu hao walipozikwa, halina migodi ya shaba. Ni nchi ya maziwa, samaki na mabwawa, nchi ya Waluba. Shaba ilitoka kusini, zaidi ya kilomita mia mbili. Misalaba ya shaba imekutwa pia Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi, ndani ya Zambia ya leo. Kitu hiki, basi, kilitengenezwa ili kivuke mipaka. Thamani yake ilikuwa katika kukubalika na mtu wa mbali, asiyekuwa wa ukoo wako wala wa kijiji chako. Watetezi wana haki kabisa wanaposema kwamba alama hii haikubuniwa na mzungu wala na chama cha siasa, na kwamba ni nadra kukuta bendera ya Afrika ya mwaka 1960 yenye alama ya kale namna hiyo.

Hoja yao ya pili nayo ina uzito. Shaba hiyo ndiyo iliyomvuta Msiri, mfanyabiashara Msumbwa kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo, akajenga dola yake Bunkeya katika karne ya 19. Desemba 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, ulioanzia pwani mkabala wa Zanzibar, ulifika Bunkeya na kupandisha bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu, bendera ya dola ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, bila ridhaa ya Msiri. Tarehe 20 Desemba Msiri akapigwa risasi. Sasa songa hadi 30 Juni 1960: Kongo huru inapandisha bendera ya buluu yenye nyota ile ile kubwa, ikiongezewa nyota sita ndogo za majimbo sita. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, alikuwa mtu wa ukoo wa Msiri. Hatuhitaji kukubaliana na aliyoyatenda ili tuelewe kwamba kwa mtu wa Bunkeya, nyota ya dhahabu juu ya buluu haikuwa lazima iwe rangi ya uhuru.

Hapo ndipo hoja za utetezi zinapoishia kwangu, kwa sababu historia ya bendera yenyewe ni nyingine.

Chama cha CONAKAT, kilichomwinua Moïse Tshombe, aliyekuja kuwa rais wa Katanga iliyojitenga, kilizaliwa mwaka 1958, baada ya uchaguzi wa miji wa 1957 kuwapa ushindi mkubwa wageni kutoka majimbo mengine, hasa Kasai, katika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Tangu siku ya kwanza swali lake lilikuwa: nani ni Mkatanga halisi? Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe akatangaza kujitenga. Kampuni ya madini ya Union Minière ikalipa kodi zake kwake badala ya kuzipeleka serikali kuu, na maofisa wa Kibelgiji wakaongoza jeshi lake. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi. Mwaka 1961 zikatolewa sarafu za faranga zenye msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Msalaba ukarudi kuwa fedha, ila safari hii ukitumika ndani ya mpaka uliolindwa kwa bunduki za kukodi.

Kaskazini mwa jimbo Waluba, chini ya chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe, waliikataa serikali hiyo. Vijiji vikachomwa, na makumi ya maelfu ya Waluba waliokuwa mjini wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa huko Elisabethville. Inaniuma kila ninapoliwaza hili. Wajukuu wa nchi ya Upemba, ambako misalaba ililazwa juu ya vifua vya wafu kwa heshima, walikuwa wakiikimbia bendera iliyochorwa misalaba hiyo hiyo. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa porini, si mbali na Elisabethville, viongozi wa Katanga wakiwepo. Juni 2022, jino la Lumumba, ndilo pekee lililobaki la mwili wake, liliporudishwa na Ubelgiji, lilipitishwa Shilatembo, mahali alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Anayetaka bendera ipandishwe tena Lubumbashi anapaswa kuwajibu kwanza waliosimama pale siku hiyo.

Watetezi husema: hayo yalikuwa makosa ya watu, bendera haina hatia. Ningekubali kama yangeishia 1963. Lakini swali la Mkatanga halisi lilirudi miaka ya 1990, watu wenye asili ya Kasai walipoitwa bilulu, yaani wadudu, na mamia ya maelfu wakafukuzwa katika nyumba walimozaliwa. Kisha Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi na bendera hiyo, wakakabiliana na majeshi ya serikali, na watu kadhaa wakafa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina lao. Wanataka kuikata Katanga. Nguo ikishaokotwa na kila kizazi kwa kazi ile ile, ni vigumu kusema haina maana yake yenyewe.

Hata hivyo, upande wa pili nao una kosa. Kinshasa imezoea kuona kila alama ya Katanga kuwa ni uasi, na kuzima alama ni rahisi kuliko kujibu malalamiko. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Ahadi hiyo haijatimizwa kama ilivyoandikwa. Mtu wa Kolwezi, mji wa migodi, anayeona malori ya shaba na kobalti yakipita mbele ya shule isiyo na madawati hajatumwa na Tshombe anapouliza fedha zinakwenda wapi. Ukimwambia kuwa swali lake ni usaliti, unampeleka mwenyewe kwenye bendera ya misalaba mitatu.

Na tayari tuna mfano wa namna ya kutenganisha mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu, rais wa nchi wakati huo, aliifuta Katanga kwenye ramani akaipa jimbo jina la Kiswahili, Shaba. Hakufuta kitu mioyoni: 1977 na 1978 waliokuwa askari wa Katanga walivamia kutoka Angola, na dunia ikaviita vita vya Shaba. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, jina la Katanga likarudi. Nchi haikugawanyika kwa sababu hiyo. Jina lilirudi, bendera ikabaki chini.

Tangu 2015 Katanga imegawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mgawanyo huo unaifanya hoja ya kurudisha bendera iwe dhaifu zaidi, kwani mawili kati ya hayo manne, Haut-Lomami na Tanganyika, ni nchi za kaskazini zilizopigana nayo. Ila unaupa msalaba nafasi mpya. Shaba iko Haut-Katanga na Lualaba, makaburi yenye misalaba yako Haut-Lomami, na hakuna jimbo kati ya hayo linaloweza kuihodhi hadithi yote peke yake. Kwa maoni yangu, bendera ya 1960 iwekwe makumbusho ya Lubumbashi na maelezo kamili, Shilatembo ikiwemo. Msalaba mmoja, usiokuwa na nyekundu, kijani wala nyeupe ya Tshombe, uwe huru kuonekana kwenye nembo za majimbo, vitabu vya shule na milango ya ofisi.

Najua pingamizi lililobaki. Mzee wa Malemba-Nkulu, huko Haut-Lomami, aliyekimbia akiwa mtoto anaweza kuuona msalaba huo kwenye barua ya serikali na kukumbuka moshi tu. Sina jibu la kumlazimisha. Ndiyo maana mazungumzo hayo nisingeyaanzia Lubumbashi, penye sanamu ya Tshombe na wanaomkumbuka kwa fahari. Ningeyaanzia Upemba, kwenye vijiji vilivyo kando ya ziwa, kwa watu ambao wafu wao ndio waliotutunzia misalaba hii, na wakisema bado, ningengoja.